Perpetua Ntirampeba na Vifurushi Saba Alivyomtumia Mumewe

Baba Padre, wakubwa wa kilima chetu hapa Rutegama, wanajeshi mliokuja na sare zenu, wakwe zetu mliofunga safari kutoka ziwani, majirani, na ninyi wa nyuma pale mnaodhani sioni mnavyonong'onezana, nawasalimu nyote, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mkamwana wangu, Perpetua Ntirampeba, ambaye tunamsindikiza leo Jumatano, tarehe 15 Mei 2024.

Ilipangwa asome shemeji yake, na alikwisha kuandika ukurasa mmoja na nusu, umenyooka vizuri, lakini nimeomba nisome mimi, Leokadia Bukuru, mama mzazi wa mume wa marehemu, ambaye shule yangu yote ilikuwa katekisimu, kwa sababu siku kumi na tatu zilizopita mwanangu Gelase aliniuliza swali nje ya wodi, akasema, "Mama, mtu anayekaribia kufa anaweza kudanganya?" nami nikajifanya natafuta leso yangu, na sasa amesimama hapo kando ya jeneza la mkewe bila kujua kama mwanamke aliyelala humo alimpenda au alimtilia kitu katika chakula, na katika kilima hiki chote mwenye jibu ni mimi peke yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Julai 1986, huko Kabonga, tarafa ya Nyanza-Lac, mtoto wa tatu wa mzee Merikiyori Bandyatuyaga, aliyekwisha tangulia, na mama Yozefina, ambaye tunaye hapa, akabatizwa mwezi wa Septemba mwaka huo huo, na alipoota meno ya juu yakatoka na mwanya mpana, mama yake akafurahi kwamba ni baraka, na mimi nilipouona mwanya huo kwa mara ya kwanza, miaka mingi baadaye, nikajiuliza ni mangapi yanapita pale bila sisi kuyasikia.

Alianza darasa la kwanza Septemba 1993, akasoma wiki chache tu, vita vikaingia, familia ikavuka mpaka usiku na mchana kwa miguu, ikapokelewa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, huko akasoma hadi darasa la sita, akajifunza Kiswahili mpaka akawa anaota kwa Kiswahili, na mama mmoja wa Kigoma, Bi Zuhura, akamfundisha kazi mbili, cherehani na kupika kashata za karanga, akimwambia, "Mwanangu, anayeshona hakosi nguo, na anayepika kitamu hakosi mgeni," na marehemu alipenda kutusimulia maneno hayo kwa sauti ya Bi Zuhura mwenyewe, ya puani, tukacheka, ingawa mimi nilicheka kidogo.

Alirudi nchini Mei 2004 pamoja na wazazi wake, na kuanzia Januari 2005 akashona katika soko la Rumonge, kwa cherehani ya miguu, magauni ya komunio, mapazia, na vifungo vya sare za wanajeshi, na hapo ndipo Koplo Gelase Barampama alipomkuta, akashonewa kifungo kimoja, na wenzake, ambao baadhi yao mko hapa, mlimtania kwamba vifungo vya Gelase vina ugonjwa, kila Jumamosi lazima kimoja kianguke.

Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 2008, na kabla ya siku hiyo jirani yangu Konsolata alikuja kuniuliza, "Mama Gelase, msichana wa ziwani, aliyekulia kambini, anayepika vitu tusivyovijua hata majina, wewe utalala?" nikamwambia nitalala, nikamdanganya, maana siku ya arusi marehemu aliponiletea pombe ya ndizi, akapiga magoti, akavuta mrija kwanza mbele ya macho yangu kama inavyotakiwa, kila mtu aliona bibi arusi mwenye adabu, na mimi nilikuwa naangalia koo lake kama kweli limeshuka.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Belize Iteriteka, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2010, na Don Arakaza, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2013, na marehemu aliwalea vizuri, hilo hata nilipokuwa natafuta kosa sikulipata.

Tarehe 5 Juni 2011 Gelase aliondoka na kikosi chake kwenda Somalia, Belize akiwa ndiyo kwanza anatembea, na mwezi uliofuata marehemu akaanza kumtengenezea mumewe vifurushi, ambavyo alivileta kwangu Jumamosi kwa sababu nyumba yangu iko barabarani, na kesho yake baada ya misa Koplo Nesta alivipitia akavipeleka Bujumbura kwa wale waliokuwa wanasafiri, hivyo kila kifurushi kililala kwangu usiku mmoja, na kabla hakijalala kilipitisha nami mchana mzima, sisi wawili, kinanitazama nami nakitazama.

Cha kwanza aliniletea tarehe 9 Julai 2011, siku anatimiza miaka ishirini na mitano, alikuwa amekishonea kitambaa pande zote kama mto, akaniambia bila kuulizwa vilivyomo, kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, dagaa wa kukaanga na pilipili, kitambaa cheupe ambacho alimsimamisha Belize juu yake akachora ukingo wa mguu wake kisha akaushona kwa uzi mwekundu, baba aone mtoto amefika wapi, na kikapu kidogo chenye kifuniko, alichokisuka kwa mkono wake, kimejaa kashata, na Konsolata aliyekuwa hapo akamuuliza, "Sufu ya nini kwenye jangwa, unataka kumchemsha?" naye akajibu, "Mama Konsolata, ameniambia alfajiri kule anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa," akaaga, na alipofika mbali Konsolata akaniambia, "Umesikia? Unyayo wa mtoto ndani ya kitambaa, na kitamu ndani ya kikapu, siku hizi dawa hawaitii kwenye chungu, wanaitia kwenye kitamu."

Konsolata, inua uso, usiangalie viatu vyako, wewe ulisema tu, mikono ilikuwa yangu.

Alipoondoka nilifunga mlango mchana kweupe, nikaketi kitandani na kifurushi mapajani, nikafumua mshono wa upande mmoja, nikautoa ule mguu mwekundu nikaugeuza, nikaunusa, nikaurudisha, nikafungua kikapu, na juu ya kashata zote nikaikuta moja imeng'atwa, alama za meno zimekaa wazi kama muhuri, na katikati ya alama umebaki ukuta mwembamba wa karanga pale ulipopita mwanya, nikasema, huyu amemtilia mwanangu mate, maana kwetu anayeonja huonja mbele ya mlaji akameza, hang'ati kitu akakirudisha kwenye chombo na kukifunika, kitu cha kung'atwa na kufunikwa kina kazi yake, na kazi yake ni kumfunga mwanaume asimkumbuke mama yake wala ndugu zake, nikaichukua kwa jani la mgomba, nikaitia motoni, inanukia vizuri, nakumbuka, nikaogopa hata ile harufu, kisha nikashona tena nikipitisha sindano katika matundu yale yale ya kwake.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mara saba, kuanzia Julai 2011 mpaka Juni 2012, mguu wa Belize ukizidi kukua katika vitambaa, mara na shati lenye mfuko wa ndani, mara na mto wa kulalia wa sufi, na kila mara ile kashata ikiwa juu kabisa, na meno ni yale yale, nami kadiri alivyorudia ndivyo nilivyozidi kuamini, nikijiambia mtu harudii jambo mara saba kama halina faida kwake, na Jumapili nikapokea komunio yangu kwa moyo mweupe, nikiona nimemwokoa mwanangu.

Gelase alirejea tarehe 18 Agosti 2012, akiwa sajini, mzima, amekonda kidogo, marehemu akapika siku nzima, wali, kuku, maharage ya mawese, tukaketi, naye mwanangu akaishika sahani, akaitazama, akasema safari imemvuruga tumbo, na kabla jua halijazama akaja kwangu peke yake akaniuliza, "Mama, jikoni una kitu?" nikampa viazi vitamu vya jana, akavila kama mtoto, na mimi nikasimama nyuma yake nikifurahi, nikasema kimoyomoyo, dawa imekatika, mwanangu amerudi kwangu.

Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja na miezi kadhaa, Gelase alilala kwake na kula kwangu, nyumbani kwake alikunywa tu chupa aliyoifungua kwa mkono wake, watu mliona na mlisema, wengine mlisema amepata mwanamke kule ugenini, marehemu naye akasikia, naye akadhani hivyo, akawa anapekua mifuko ya sare akiifua, akikuta nini, vumbi, na siku moja alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mama, kuna kitu anakula kwako ambacho mimi sijui kukipika, nifundishe, sitaona haya," nami niliyejua wazi kwamba si mambo ya kupika nikamfundisha kupunguza mawese, akashukuru, akaenda akapunguza mawese.

Mwaka 2014, tarehe 2 Februari, Gelase aliondoka mara ya pili, na mlangoni akamwambia mkewe, "Usitume chakula," basi marehemu akatuma vya kushona tu, mashati, leso zenye jina lake pembeni, na vitambaa vya miguu miwili sasa, wa Belize kwa uzi mwekundu na wa Don kwa uzi wa buluu, na hivyo sikuvifungua, maana havikuwa na harufu ya karanga, navyo vilifika kama vilivyotoka mikononi mwake.

Aliendelea na kazi yake ya ushonaji hapa sokoni Rutegama mpaka mwaka jana, sare za shule za watoto wenu wengi zimepita katika cherehani yake, alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, na katika chama cha wake za wanajeshi ndiye aliyewafundisha wengine kushona miguu ya watoto wao, nimeambiwa sasa kuna wanajeshi wengi wanaotembea na miguu hiyo katika mikoba.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2023, maumivu ya tumbo, akatibiwa hapa tarafani, Januari akapelekwa hospitali kubwa, wakamfungua, wakakuta uvimbe umekwisha kusambaa, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umezoea njia moja tu, hata hapo niliwatazama madaktari kwa jicho la pembeni, nikiuliza kila sindano ni ya nini, na daktari mmoja kijana akaniambia kwa upole, "Bibi, ukitaka nijichome mimi kwanza uone, nitajichoma," watu wodini wakacheka, marehemu akacheka mpaka akashika mshono wake.

Alhamisi tarehe 2 Mei, saa tisa alasiri, nikiwa nimekaa miguuni pake na Gelase kichwani, marehemu alimgeukia mumewe akasema, "Baba Belize, niambie kitu kimoja tu, nisiondoke nacho, kule mwaka ule wa kwanza ulikula kashata zangu?" na Gelase akajibu, "Sikuzila, ulisema utaonja, ukasema nitaona meno yako, sikuyaona, Perpetua, mara saba sikuyaona," naye akasema, "Niliziweka juu kabisa," na Gelase akasema, "Hazikuwemo," na marehemu akasema, "Lakini nilikuuliza kwenye simu ukaniambia umeyaona," na mwanangu akainamisha kichwa akasema, "Nilitaka kujua utaendelea kusema nini, jamaa zangu walikwisha kuniambia mwanamke anayeahidi kuonja halafu asionje anajua alichotia, nikazifukia mchangani, na vikapu vyake, ila ile miguu sikuitupa, ninayo."

Ndipo marehemu akanieleza mimi, kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua habari, kwamba siku Gelase anaondoka alimtania, "Sasa kule nani atanionjea, nitajuaje hujaniwekea sumu upate pensheni?" naye akamjibu, "Utaona meno yangu, mwanya huu hauna mwenzake Burundi nzima," wakacheka wakaagana, na kila alipojaza kikapu aling'ata moja akaitanguliza juu ya nyingine, ili awe amekaa naye pale mezani, ameonja kwanza mbele ya macho yake, kama mke yeyote anavyofanya, na akaniuliza, "Mama, zilikwenda wapi?"

Gelase alitoka nje, nami nikamfuata kwa kuwa sikuweza kubaki, akaniuliza lile swali nililowaambia, nikatafuta leso, na niliporudi wodini marehemu alinitazama kwa muda, macho yake yametulia, akasema, "Mama, umechoka, nenda ukalale," na mpaka dakika hii sijui kama alikuwa amejua, nimeyageuza maneno hayo kila upande kama nilivyozoea kugeuza vitu vya watu, sioni mshono.

Nilikuwa na siku tisa, nikamwogesha, nikampa uji kijiko kwa kijiko, nikamchana nywele, kila asubuhi nikasema leo namwambia, kila jioni nikasema kesho, kisha Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, marehemu Perpetua Ntirampeba aliiaga dunia, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, mumewe amemshika mkono, bila kujua ameshika mkono wa nani.

Gelase, simama sawasawa unisikie, na ninyi mkitaka kuguna guneni, nitawasubiri.

Mkeo alionja, mara zote saba alionja, meno yake yalikuwemo, niliyaona kwa macho yangu, aliyeyatoa na kuyachoma ni mimi mama yako, na chakula kile ulichokifukia kilikuwa karanga, sukari na mikono ya mtu anayekupenda, hakuna kingine, na kila sahani uliyokula kwangu miaka yote hiyo ilikuwa ya kwake, nilikuwa nakupa huku nikijua nimeipokonya, ila sikujua nimeipokonya kwa mtu asiye na kosa, na nilipojua sikusema, hilo la mwisho ndilo kubwa, maana lile la kwanza nililifanya kwa ujinga, na hili nimelifanya kwa akili zangu timamu.

Belize na Don, mama yenu alikuwa mtu safi, mtu akiwaambia vingine, hata akiwa na mvi kama zangu, msimsikilize.

Mama Yozefina, mkwe wangu, ulinikabidhi binti nami nikamlinda mwanangu dhidi yake, leo sikuombi unisalimie, nitakuja Kabonga kwa miguu yangu ukiniruhusu, na usiponiruhusu nitaelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Januari, akiwemo yule kijana aliyekuwa tayari kujichoma sindano, tunamshukuru Koplo Nesta aliyebeba vifurushi akidhani amebeba vilivyokamilika, tunawashukuru wanajeshi wenzake Gelase, wanachama wa chama cha wake za wanajeshi, wanakwaya, washonaji wa sokoni waliofunga kazi siku tatu, watoto wa Bi Zuhura waliotuma salamu kutoka Kigoma, na majirani, akiwemo Konsolata, ambaye kwa miezi saba alichota maji ya nyumba ile kila siku na hakuna aliyemtuma, wote ambao sikuwataja tunawaomba mpokee shukrani zetu.

Tutakapotoka makaburini na kunawa mikono, wageni mtakwenda nyumbani kwa marehemu, Belize amepika tangu alfajiri kwa namna aliyofundishwa na mama yake, na wewe Gelase utakwenda na wageni, utakaa mezani kwako, utakula, usishike njia ya kwangu, kwa maana jiko langu nimelizima na mlango wa jikoni nimeufunga, wala kesho sitaufungua, wala kesho kutwa, mimi mwenyewe nitakula nitakapoalikwa.

Perpetua, miaka yote kumi na mitano nilikuita mke wa Gelase, nikakuita mama Belize, nikakuita yule wa ziwani, jina moja nililokuwa nalo mdomoni sikulitoa, basi lisikie leo mbele ya watu wote hawa, mwanangu, lala salama, mwanangu, Mungu akupumzishe kwa amani.